Sweta la Mkono Mmoja

Wifi yangu tunamwita Fundi. Mashine yake ya kufuma iko sebuleni, na watoto wa shule wa mtaa mzima wanavaa masweta yake. Mwepesi wa mkono, mwepesi wa mdomo. Akiamua kukusema, utatafuta pa kuuficha uso. Lakini tangu mkwe wake aliposhika mimba, mdomo ule ulibakiwa na jibu moja tu.

Sweta la mjukuu alilifuma kwa mkono, kwa uzi wa manjano, maana mkwe aligoma kuambiwa kama ni wa kike au wa kiume. "Nikijua nitampa jina, mama," alimwambia Fundi. "Na nikishampa jina, je?"

Basi kila jirani aliyeuliza mbona sweta haliishi, Fundi alikuwa na jibu: "Vifungo vya kike upande huu, vya kiume upande ule. Nitaviweka wapi, kichwani mwako?" Watu wakacheka, wakaridhika. Mimi sikuridhika. Nilimwona kwa macho yangu: kila akikaribia kumaliza mkono wa pili, anavuta uzi, vitanzi vyote vinafumuka, donge linanenepa tena mapajani mwake.

Siku moja nikamvaa. "Wifi, vifungo nimeelewa. Na mkono wa sweta nao una uke na uume?"

Hakucheka. Aliangalia juu ya kabati, ulipo mfuko wa mtoto wa kwanza wa mkwe. Yule alimfumia kila kitu: sweta, kofia, soksi. Alifua, akapiga pasi, akaenda hospitali na mfuko kifuani kama bibi harusi. Tulikaa kwenye benchi mchana kutwa. Hakuna aliyetuomba nguo. Nesi alitoka mikono mitupu, akauliza mama wa mgonjwa ni nani, nasi tukajua.

"Nilimaliza mapema," alisema Fundi. "Naogopa, wifi. Naogopa hadi mikono inakataa."

"Wewe! Mungu hahesabu vitanzi vyako." Ndivyo nilivyosema, lakini hata mimi niliogopa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sote tuliumwa siku ile. "Basi kama huyu hutamfumia, tumpe zile za juu ya kabati."

"Zile zina mwenyewe," akasema.

Uchungu ulimshika mkwe asubuhi, anasuka nywele. Tukajikuta kwenye benchi lilelile, jamani, hata ufa wake niliukumbuka. Mwanawe Fundi alisimama ukutani, anatafuna kucha, jitu zima. Fundi alikumbatia kapu lake la uzi, wala hakufuma. Kila mlango ulipolia alifumba macho. Nikamwambia, "Fuma basi, upitishe muda." Akatikisa kichwa. Jasho lilikuwa linamtiririka, na feni inazunguka juu yetu.

Jua lilikuwa limeshahamia dirisha la pili nesi alipotoka. Mikono mitupu.

Mungu wangu. Nilimshika Fundi kiwiko. Mwanawe aligeukia ukuta. Nesi akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Mama wa huyu binti ni nani?"

"Mama mkwe ni mimi," Fundi akasema.

"Sasa mama, mnakujaje hospitali hivi? Nguo za mtoto ziko wapi? Kule ndani kuna baridi."

Fundi hakuinuka. Nilimpokonya kapu, nikatoa sweta na sindano zake zinaning'inia. Nesi akaligeuza huku na huku.

"Ebo! Hili mbona lina mkono mmoja? Na vifungo?"

"Hatukujua ni wa kike au wa kiume," nikasema.

"Basi niulizeni niwaambie!"

Fundi alimshika nesi upindo wa gauni, kama mtoto. Hakuuliza hilo. "Analia?" akasema.

"Mama, wewe husikii?"

Tukatega masikio, na kweli, alikuwa analia, kwa hasira, kama aliyeudhiwa na mtu. Fundi alisikiliza weee. Kisha akavua mtandio wake, akampa nesi amfunikie mtoto, akalichukua sweta lake, akakaa kwenye benchi lile na kuanza kufuma mkono wa pili.