Mwalimu Edina na Jina la Binti Yangu

Usiku ule nililala nimeegemea mto, binti yangu njiti nimemfunga kifuani kwa khanga, ngozi kwa ngozi, kama manesi walivyotuelekeza. Alizaliwa alfajiri, kabla ya wakati wake. Alikuwa bado analishwa kwa mpira uliopitishwa puani na hakuwa na jina. Mimi nilitaka aitwe Dawn, alfajiri kwa Kiingereza. Mama mkwe alinikatalia: "Subiri turudi naye nyumbani kwanza, mwanangu. Jina halikimbii." Sikubisha, maana hata mimi niliogopa kumwita halafu nimpoteze.

Usingizi ukanichukua. Mlango wa wodi ukafunguka, akaingia Mwalimu Edina, aliyetufundisha Kiingereza shule ya msingi, na ambaye tulimzika nikiwa kidato cha pili. Nilifurahi hata nikasahau kuogopa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Simama."

Nasimama. Vitanda vimekuwa madawati, na kina mama wenzangu wamevaa sare za shule, kila mmoja na kichanga chake kifuani. Naikumbuka sheria yake: ukipewa neno huketi mpaka uliigize.

"Dawn," anasema. "Limetoka wapi?"

Anaandika kwa chaki kwenye dirisha, ambalo sasa ndilo ubao. Ananieleza kwamba Waingereza wa kale walilichota kwenye neno lao la siku, na majirani zao wa kaskazini, ng'ambo ya bahari, huenda ndio waliolitia ile sauti ya mwisho. Tena kwa muda mrefu halikuwa jina la kitu. Lilikuwa kitendo: kuanza kuwa siku.

"Kwa hiyo halisemi mchana umefika?" nauliza.

"Linasema unakuja. Haya, igiza."

Naigiza vipi? Nageuka huku na huku, darasa zima linanicheka, nami nacheka nao. Mara nasikia kifuani kitu kinasukuma, kinatafuta. Mwalimu anamnyooshea mtoto chaki.

"Mwenzako ameshaanza. Mwite."

Nikazinduka. Kinywa kidogo kilikuwa kimeshika titi, kinavuta, kinaacha, kinavuta tena. Nilitaka kuamsha wodi nzima kwa furaha.

Mama mkwe akaingia na chupa ya uji, nje bado kiza.

"Ananyonya?"

"Anaanza, mama. Na anaitwa Dawn."

Akaweka chupa chini, akainama mpaka kwenye khanga.

"Nyonya, Doni," akasema. "Bibi yako nipo hapa."