Trailo, Mjuzi wa Kilikotoka Kifo

Shemeji yangu Trailo alijua njia saba ambazo kifo kilipitia kuingia duniani, na kufunga lango la zizi hakujua hata kwa njia moja. Nguruwe wake walishinda kwenye mahindi yangu. Ukienda kumlalamikia anakukalisha, anakumiminia rakija, pombe kali ya matunda, na kabla hujawataja nguruwe ameshafika visiwani huko, kwa watu ambao mababu zao waliambiwa wachague kati ya jiwe na ndizi, wakachagua ndizi kwa uroho wao, ndiyo maana binadamu tunaoza. Unarudi nyumbani na kizunguzungu, na mahindi yameshaliwa.

Porojo hizo aliziokota Vienna. Alikaa huko miaka thelathini na mmoja akichanganya zege. Wenzake waliotoka kwetu, vijiji vya Wavlahi huku milima ya Homolje, walirudi Serbia na magari, wakajenga nyumba za ghorofa tatu zenye simba wa saruji getini, ambazo hakuna anayelala ndani. Yeye alirudi na mgongo mbovu na domo. Kwenye kazi za ujenzi kulikuwa na watu wa kila taifa, na wenzake walipokuwa wakiulizana mishahara, yeye aliuliza: kwenu kifo kilianzaje? Mgiriki akamwambia kuna mwanamke alifunua mtungi. Baharia mmoja akampa ya bibi kizee aliyekuwa akijivua ngozi mtoni na kurudi msichana, mpaka siku mtoto wake alipomlilia kwamba hamjui, akaivaa tena ile ngozi kuukuu. Mtu wa Togo akamwambia Mungu alimtuma mbwa awaambie watu kwamba wakifa watarudi. Mbwa akanusa mfupa kwenye jiko la watu, akajilaza hapo. Mbuzi akafika kabla yake na habari mbaya.

Nilizisikia zote, wala si mara moja wala mbili. Siku moja nikamwuliza mbele ya watu, "Trailo, na wanaume walikuwa wapi?"

"Wanaume gani tena, shemeji?"

"Wa kwenye hadithi zako. Mwanamke kafunua mtungi, bibi kavaa ngozi, mbwa kachelewa. Mwanamume yuko wapi siku hiyo?"

"Mwanamume si ndiye anayesimulia."

Watu wakacheka. Mimi nilimdharau, na nasema wazi kwamba dharau ile niliifurahia. Mume wangu Bogosav, kaka yake, alifia mgodini, na mjane hana starehe nyingi.

Mahali pake hasa palikuwa matangani. Jeneza limeteremshwa, watu wamekaa mezani, hata supu haijapoa, Trailo ameshajifuta sharubu na kukohoa kile kikohozi chake cha kuanzia. Na watu walimpenda, hilo ndilo lililonichoma. Wafiwa waliolia tangu alfajiri waliinua nyuso, wakamsikiliza, wakacheka. Mkewe Domnika alikaa pembeni akimenya vitunguu vya watu wengine. "Redio yangu haina mahali pa kuzimia," alikuwa akisema. Ndiye aliyekamua, aliyelima, na aliyefunga lile lango kwa waya siku alipochoka kuniomba radhi.

Mwaka mmoja, majira ya kuchipua majani, Domnika akaanguka. Hospitali wakampasua, wakaona hakuna la kufanya, wakamshona, wakamrudisha. Trailo akaweka mshumaa na kiberiti kwenye mto wake, kama inavyopasa. Kwetu mtu hafi gizani. Pumzi ya mwisho ikitoka, mshumaa uwe unawaka mkononi mwake na mtu wa nyumbani awe ameushika pamoja naye, la sivyo huko aendako atakuwa kipofu, hatajua hata nani amekaa karibu naye. Tusi kubwa kabisa hapa si la mama wala la baba, ni kumwambia mtu afe bila mshumaa. Ndugu wameshahama kijiji kwa neno hilo.

Wiki mbili Trailo hakutoka pale kitandani. Simnyimi haki yake. Kisha mzee Paun wa ng'ambo ya kijito akafa, akazikwa, na mchana kukawa na chakula. Domnika alikuwa amelala usingizi mzuri, kwa hiyo Trailo akasema anakwenda kutoa pole tu, anaonja kijiko kimoja cha ngano ya asali inayoliwa kwa kumkumbuka marehemu, anarudi. Akaonja kijiko. Akala na maharage. Akanywa bilauri mbili. Halafu kweli akainuka, kofia kichwani, yuko mlangoni, akaombwa asimulie moja tu kabla hajaondoka, ile ya mbwa. Akavua kofia. Akaisimulia nusu saa nzima, kwa mkia na kwa kubweka, na ule mfupa akautafuna mbele yetu.

Jioni ile nikaitwa nikamwoshe Domnika. Nilimkuta Trailo amesimama kando ya kitanda, mshumaa unawaka kwenye vidole vya mkewe.

"Nimewahi, shemeji," akasema. "Nilikuta pumzi ile ya mwisho kabisa."

Nikaushika ule mkono ili nitoe mshumaa. Ulikuwa wa baridi mpaka kwenye kiwiko, na vidole vilikuwa vimekunjwa kwa nguvu, si vyenyewe. Nimeosha maiti miaka ishirini, najua mtu aliyeondoka sasa hivi anashikikaje. Nilimwosha, nikamvisha, na kijiji kizima kikasifu kwamba mume alikuwepo.

Ilipokaribia arobaini yake Trailo akaja kwangu, kwa kuwa nta naisokota mimi. Anataka mshumaa wa peponi. Hiyo ndiyo dawa pekee ya aliyekufa gizani: unafanywa wa kimo chake mwenyewe, unawashwa matangani mbele ya watu wote, na yule aliyepaswa kumshikia mshumaa siku ile anasimama, anataja jina, anasema marehemu alikufa bila mwanga. Asiposema hivyo, ni nta tu inayoungua.

"Wa nani?" nikamwuliza.

"Wa kaka. Wa Bogosav."

"Bogosav nilimwashia mwenyewe miaka kumi na tisa iliyopita. Huko aliko anaona kuliko wewe."

"Wa pili utamdhuru nini?"

"Haya, nipe kimo."

Akaweka kiganja chini ya kidevu chake. Bogosav alikuwa akiinama kwenye kila mlango wa kijiji hiki.

"Trailo, Domnika nilimwosha mimi."

Akakaa juu ya gunia la mahindi. Akachezea kofia yake. "Basi unajua."

"Najua tangu nilipomshika kiwiko."

"Utawaambia?"

"Mimi siye niliyepaswa kuushika. Ukitaka mkeo apapase kuta milele ili wewe uendelee kusifiwa, nyamaza. Wewe si mjuzi? Tafuta njia ya nane."

Akaondoka bila kufunga lango langu. Nikausokota mshumaa kwa kimo cha Domnika.

Siku ya arobaini meza mbili ziliwekwa uani, na mshumaa ukafungwa kwenye mti ulionyooka karibu na moto. Kiberiti nilikishika mimi. Trailo akasimama, akakohoa kile kikohozi chake, na nikajua tumekwisha.

"Hapo zamani," akasema, "kila mtu aliijua siku yake ya kufa."

Watu wakaweka bilauri chini, wakajiegemeza. Hii ni ya kwetu, tumeinyonya na maziwa: yule mtu aliyejua hatafika vuli, akazungushia bustani yake ua wa mabua, maana wa mbao wa nini, na Mungu akakasirika, akatuficha siku hiyo wote. Nikamtazama pale alivyosimama na sharubu zake zilizochanwa. Mtu wa bure kabisa, nikasema moyoni, atazunguka mpaka jua lituyeyushie mshumaa. Akafika kwenye mabua, akanyamaza. Tulidhani amesahau.

"Domnika," akasema. "Mke wangu. Alikufa bila mshumaa. Niliuwasha baadaye, nikamtia vidoleni, nikawadanganya nyote."

Mjane wa mzee Paun, jina lake Vita, akainuka upande wa pili wa meza.

"Ulikuwa wapi, we mtu?"

"Kwenu."

"Kwetu ulishaaga. Nilikuona kwa macho yangu mlangoni, na kofia. Nani alikurudisha?"

Tangu nimjue Trailo hakuwahi kukosa wa kumtwisha lawama. Na safari hii alikuwa naye, tena mwanamke, hatua mbili kutoka aliposimama. Ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia pale mlangoni, "Kulikoni leo mapema, redio imekufa? Tupe ya mbwa, moja tu." Wala sikuwa nataka hadithi. Nilikuwa nimekunywa na nilitaka kumcheka, nikae nimdharau nusu saa nyingine.

Akawatazama watu mmoja mmoja. Alinitazama na mimi, si zaidi ya alivyowatazama wengine.

"Hakuna," akasema. "Nilirudi mwenyewe. Nilipenda kusikilizwa."

Akanyoosha mkono, nikampa kiberiti. Kijiji kinamdharau tangu siku ile, matangani hawamwiti tena, na mimi nimewaacha wamdharau.