Nesi Honoratha na Watu wa Kupima Umahiri

Nesi Honoratha ni mtu wa Bukoba. Serikali ilimleta hapa Nyanungu kwenye zahanati yetu, na tangu mwenzake ahamishwe alikuwa anafanya kazi peke yake. Anachoma sindano, anazalisha, anadeki. Macho yake siku zote yalikuwa mekundu.

Siku ya kwanza nilipompeleka Happy kliniki alinitoa nje. "Bibi, aingie na mume wake."

"Mume ni mimi," nikamwambia.

Akadhani namtania. Mimi sikujaliwa mtoto wa kiume, nikamwoa Happy kwa ng'ombe zangu mwenyewe, ndiyo tunaita nyumba ntobhu, mwanamke kuoa mwanamke, na watoto atakaozaa ni wangu, wa mji wangu. Honoratha akaulizia kwa wanawake, akaambiwa. Tangu hapo akawa ananiwekea kiti.

Juzi juzi wakaja watu kutoka mjini na viwango vya umahiri, yaani nesi anatakiwa awe anaweza nini. Bado wanavitunga, wanavijaribu kwanza kwa manesi wa huku. Akishindwa anapelekwa mafunzo. Mimi niliogopa kitu kimoja: Happy alikuwa amefikisha miezi yake. Honoratha akiondoka, nani atamzalisha?

Mkubwa wao, Ildefonce, akanikuta kitini, Happy kando yangu.

"Shikamoo bibi. Mwenza wa huyu dada yuko wapi? Kiwango kinataka mwenza awepo."

"Marahaba. Unaongea naye."

"Bibi, mwenza ni mwanaume."

"Kwani ng'ombe ulitoa wewe?"

Wanawake kwenye benchi wakacheka. Honoratha alikuwa anamfunga mtu kidonda, akakimaliza haraka akaja kumweleza. Akaeleza, akaeleza, halafu akamshika Happy tumbo bila kunawa. Ildefonce akaona. Hata mimi niliona.

"Hapo nesi umeshindwa. Jumatatu uende mafunzo."

"Amechoka huyu," nikasema.

"Bibi, kwenye viwango hakuna sehemu ya kuchoka."

"Si mnatunga bado? Iwekeni."

Hakuiweka. Honoratha akanawa, akasema taratibu, "Nitakwenda huyu akishajifungua."

"Nitaandika umekataa."

"Andika."

Jumatatu ikapita hajaenda. Happy alijifungua Alhamisi, mtoto wa kike. Honoratha akamsafisha, akanipa mtoto, akakaa sakafuni pale pale usingizi ukamchukua.

Kesho yake gari likaja kumchukua Honoratha kwenda mafunzo. Hakuletwa mwingine. Sasa zahanati ina kufuli, na mke wa jirani yangu Rubeni tumbo limeshashuka.