Pua ya Dobi

Dobi wa chumba cha chini hakuwa mtu wa manukato, mpaka mafua makali yalipompokonya pua. Dobi asiyenusa hajui kama nguo inaungua mpaka aone moshi, na mwezi ule alishaharibu magauni mawili. Mfamasia akamshauri anuse vitu vikali kila siku. Basi akaanza kukusanya mafuta ya mimea, chupa moja moja, ndogo kama kidole gumba: karafuu, mchaichai, mkaratusi, mnanaa. Huo mnanaa aliupaka chini ya pua bila kuuchanganya na mafuta mengine, akashinda anatokwa machozi na hanusi kitu. Tangu hapo ni tone moja tu kwenye kitambaa, macho anafumba, anavuta pumzi tatu, kisha anatikisa kichwa: "Maji matupu."

Jumamosi nilimkuta amefumba macho na chupa ya tatu mkononi, huku pasi ameisahau juu ya shati langu. Nilitaka kupiga kelele, akaniwahi. "Jirani, nani anaunguza?" Akageuka, akainyanyua pasi, mgongoni pamebaki alama ya kahawia. Kabla sijalalamika, alishalikumbatia shati usoni, anavuta pumzi mpaka mabega yanapanda. "Linanuka," akasema, sauti inamkatika. "Linanuka vibaya mno, jirani yangu!" Tulicheka mpaka mkewe akaja kuchungulia. Siku hizi kipande cha shati langu kimo kwenye boksi lake la chupa, kando ya mkaratusi.