Ahadi Niliyoitoa Mlangoni mwa Stoo

Jumapili moja mchana, nyumbani kwa binti yangu Shinyanga mjini, tulikuwa tunatazama kwenye televisheni mfululizo wa matukio ya kweli ya watu walioshikwa mateka. Ulikuwa umewekewa sauti ya Kiswahili. Askari mstaafu, aliyekuwa na kazi ya kuzungumza na watekaji, akasema usimwahidi mtu jambo usiloweza kulitimiza. Nikainuka, nikaenda kusimama uani. Binti yangu akadhani ni presha.

Zamani nilikuwa mama lishe machimboni, upande wa Geita. Mdogo wangu wa kiume alichimba huko pamoja na rafiki yake waliyekua naye Tinde. Shimo likabomoka, rafiki akabaki chini. Siku ya tatu msimamizi akaamuru lifukiwe. Mdogo wangu akamvuta msimamizi huyo ndani ya stoo ya baruti, akajifungia naye.

"Wamtoe mwenzangu kwanza," alisema kutoka ndani. "Hata akiwa maiti. Mama yake nitamwambia nini?"

Kiberiti alikuwa nacho. Watu wakarudi nyuma. Nikaitwa mimi, kwa kuwa ndimi niliyemlea. Nilikaa chini, nimeegemea ule mlango wa bati, tukaongea Kisukuma tangu asubuhi hadi saa nane. Tuliongea habari za ng'ombe wa baba. Kuna wakati nilimsikia analia, na msimamizi naye analia.

Askari mmoja akaninong'oneza, "Mwambie wataendelea kuchimba."

"Ni kweli?"

"Mama, wewe mwambie tu."

Nikamwambia. "Wataendelea kuchimba, mdogo wangu. Na hakuna atakayekugusa. Naapa kwa kaburi la mama."

"Dada, ni wewe unayesema au ni wao?"

"Ni mimi."

Nikasikia komeo. Msimamizi alitoka mzima. Mdogo wangu askari walimwangusha miguuni pangu, wakampiga mpaka goti likavunjika. Alasiri hiyohiyo katapila likafukia shimo.

Alifungwa, akamaliza kifungo. Sasa analima dengu Tinde, anachechemea. Nikienda huniamkia, "Shikamoo, dada," akanipa kiti, kisha akachukua jembe na kwenda zake shambani. Hajawahi kunilaumu.

Mama wa yule rafiki bado yu hai. Tukikutana gulioni hunishika mkono na kuniuliza kama naweza kumwonyesha mahali penyewe, akaweke hata jiwe. Humwambia nimepasahau. Si kweli.