Soja wa Geti na Baiskeli ya Kumbebea Mamake

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kiatu. Kilikuwa kimoja tu, cha mguu wa kushoto, cha mtu nisiyemjua, na Meneja akaniambia nikikipoteza nijihesabu nimejifuta kazi. Hiyo ilikuwa Kawangware, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye kibanda cha mabati kando ya uwanja. Biashara yetu ilikuwa kukodisha baiskeli. Hatukuandikishana karatasi wala kushikilia vitambulisho. Mwenye kukodi aliacha kiatu chake cha kushoto, akavaa akala, yaani ndara za tairi tulizoziweka pale kibandani, kisha akaenda zake. Mimi niliketi na msururu wa viatu mbele yangu na saa ya ukutani nyuma yangu, nikaitwa karani.

Nyinyi vijana mkitaka burudani mnafungua simu. Wakati wetu mtu wa kibarua alikuwa na mchana mmoja tu wa kujifurahisha, nao ni wa Jumapili. Wengine walicheza drafti. Wengine walizunguka Soko la Toi wakipapasa nguo ambazo hawakukusudia kununua, na hayo pia ni matembezi, msicheke. Waliobaki walikuja kwetu: mafundi wa mawe, wapishi, dada wa kazi waliovalia nguo za kanisani, wote wakitaka kuzunguka uwanja nusu saa. Mwanzoni niliwaona kama watu wasio na kazi. Nilimwuliza Meneja kwa nini mtu akodi kitu cha kumrudisha pale pale alipoanzia.

Meneja alikuwa mtu wa Vihiga, mwenye tumbo kubwa na sauti ya kuimbisha kanisa. "Wewe ukiimba kwaya," aliniuliza, "hiyo sauti hukupeleka wapi?"

Tangu siku hiyo niliacha kuwadharau wateja.

Ufundi niliuokota hapo hapo, kwa macho kwanza, halafu kwa mikono. Kuziba tyubu si kubandika tu. Unaijaza upepo, unaizamisha kwenye karai la maji, na pale povu linapotoka ndipo penye tundu. Unasugua, unapaka gundi, kisha unangoja, na hapo kwenye kungoja ndipo wengi huharibu, kwa sababu gundi ikiwa mbichi kiraka hakishiki. Kunyoosha rimu iliyopinda, lile duara la chuma linaloshika tairi, ni kazi ngumu zaidi. Zile nyaya zinazotoka katikati ya gurudumu huitwa spoki. Unakaza ya upande huu, unalegeza ya upande ule, kidogo kidogo, huku ukilizungusha gurudumu na kulitazama. Meneja alikuwa akiniambia, "Nekesa, usiikaze kama una hasira nayo." Hasira nilikuwa nazo nyingi siku hizo, lakini hazikumhusu yeye.

Baada ya miaka mitatu nilihamishiwa Kianda, Kibera, kwenye kibanda cha shemeji yake Meneja. Huyo tulimwita Fundi Mkuu. Alikuwa mwembamba, mchache wa maneno, na aliyechukia spoki kuvunjika kuliko alivyochukia wezi. Juu ya mlango alikuwa ameweka ubao ulioandikwa kwa chaki: HAKUNA KUBEBA MTU. Uzito wa mtu aliyekaa kwenye keria, kile kiti cha chuma cha nyuma, wote huliangukia gurudumu la nyuma. Aliyekamatwa akibeba mwenzake hakukodishiwa tena. Mfanyakazi aliyemruhusu alifutwa, na nilishuhudia mmoja akifutwa hivyo.

Hapo Kianda ndipo aliponijia Baba Achieng. Alikuwa soja wa geti kwenye nyumba za ghorofa za Nyayo Highrise, mtu wa Nyanza, mwenye kofia iliyonyooka na buti zilizopigwa rangi zikang'aa. Alikuja Jumapili asubuhi, wakati kijiji chote kiko kanisani. Yeye alikuwa Msabato, ibada yake ilikuwa imepita jana yake.

"Mama Nafula, hii maneno ibaki hapa," alisema. "Niko na miaka hamsini na moja na sijawahi panda hii kitu."

"Kwani huko kwenu si watoto huendesha wakiwa wadogo?"

"Nilitoka huko mdogo. Nikakuja huku kufungulia watu geti."

Akanieleza shida yake. Mamake alikuwa amezeeka, miguu imekataa, na kanisa lao liko ng'ambo ya mlima. Mama alikuwa ameacha kwenda, na hilo lilimuumiza kuliko miguu. Baba Achieng alikuwa amepata likizo ya Desemba baada ya miaka mingi ya kunyimwa. Alikuwa amekwisha kununua baiskeli, ile nyeusi nzito tuliyoiita blek mamba, ameilaza chini ya kitanda chumbani kwake. Na barua alikuwa ameshatuma: kwamba mwaka huu mama atakwenda kanisani kila Sabato, na atakayembeba ni yeye mwenyewe.

"Sasa nikifika huko na nianguke na yeye mbele ya watu, itakuwa aje?" alisema. Nilimwonea huruma sana. Tulikuwa na Jumapili tisa kabla ya likizo.

Mtu mzima hafundishwi kama mtoto, kwa sababu mtu mzima anaogopa. Nilifungua pedeli nikaziondoa, nikashusha kiti mpaka miguu yake ikafika chini, akawa anajisukuma kwa nyayo mpaka mwili ukajifunza kusimama wima. Kisha nikarudisha pedeli. Nilimfunga leso kifuani, nikashika ncha zake mgongoni, nikawa namkimbilia nyuma. Jumapili ya nne alianguka kwenye mtaro, akatoka akapanguza kofia kwanza kabla ya kutazama goti. Ya saba niliachia leso bila kumwambia, akazunguka uwanja peke yake na ncha zikipepea. Alipogundua alicheka mpaka akashindwa kushika breki.

Nilijisifu wiki nzima. Jumapili ya nane, nikimtazama anavyokata kona, ndipo nilipoliona kosa langu. Nilikuwa nimemfundisha kujibeba mwenyewe, na hakuwahi hata siku moja kumbeba mtu. Tulijaribu gunia la mchanga. Likakaa vizuri, lakini mchanga hauogopi wala haugeuki kutazama jirani anayesalimu.

Jumapili ya mwisho ilifika. Nilitazama ule ubao juu ya mlango. Nilikuwa na Nafula wangu shuleni na sikuwa na mume wa kunishika mkono. Halafu nikaketi kwenye keria, upande upande, kama wanavyokaa kina mama. "Twende," nikamwambia.

Tulikwenda hatua kama ishirini. Kwenye kona aliegemea, mimi nikaogopa nikavuta upande mwingine, tukaanguka wote wawili. Gurudumu la nyuma likapinda vibaya. Nilipoinua kichwa nilimwona Fundi Mkuu amesimama na Biblia kwapani. Ibada siku hiyo ilikuwa imeisha mapema.

"Ile ubao wewe unaisomanga?" aliniuliza.

"Naisoma."

"Na inasema nini?"

Nilimwambia inasema nini. Halafu nikamweleza yote, habari ya mama, ya barua na ya likizo inayoanza Jumanne, kwa sababu kazi niliona imekwisha potea. Baba Achieng alisimama wima, kofia mkononi, akasema, "Fundi, makosa ni yangu."

Fundi Mkuu hakumjibu. Alivua koti lake la kanisani, akalikunja, akaliweka juu ya keria ya baiskeli nyingine, akakaa juu yake upande upande, magoti pamoja.

"Mtu akikaa hivi anakuvuta kushoto," alisema. "Wewe egemea kulia kidogo tu. Na ukikata kona, umwambie kwanza, ndio asishtuke."

Walizunguka uwanja mara nne, soja anasema "kona, Fundi," na Fundi anajibu "sawa." Watu walitoka makanisani wakasimama kutazama, na wao wawili hawakumjali mtu. Hakunifuta; adhabu yangu ilikuwa kulinyoosha lile gurudumu peke yangu, na lilinichukua mpaka Jumatatu mchana.

Leo nimestaafu, magoti yamenistaafisha. Fundi Mkuu alirudi kwao, kibanda nikakiendesha mwenyewe miaka mingi, kisha uwanja ukajengwa vyumba. Vijana huniuliza kama siku zile nilikuwa na malengo. Nawaambia lengo langu lilikuwa watu wasivunje spoki. Wanacheka, nami nawaacha wacheke, kwa sababu jibu lenyewe linanipeleka kwenye ile Januari aliporudi Baba Achieng.

Alikuja Jumapili asubuhi kama kawaida yake, akaketi kwenye benchi. Nikamwuliza kabla ya salamu. "Ulimbeba?"

"Alikaa vizuri kabisa," alisema. "Kijiji yote iko nje inaangalia. Nikashika usukani, nikainua mguu nipande. Akanishika shati. Akaniambia, 'Ukipanda mimi nitaona mgongo tu. Mgongo yako nimeiona miaka yote ikienda Nairobi. Sukuma, nione uso.'"

"Ukasukuma?"

"Kila Sabato. Kwenda na kurudi. Mlima na yote."

Kwanza nilikasirika, nikazikumbuka Jumapili tisa na lile gurudumu. Kisha nikalia, na sikujificha. Mamangu mimi alikuwa hai, Bungoma. Kila mwezi nilimtumia sukari na sabuni kwa watu wa basi, nikajiona mtoto mwema, na ulikuwa mwaka wa nne sijamtia machoni.

Ijumaa hiyo niliomba ruhusa. Nilifika nyumbani kwa mama kesho yake asubuhi, nikamkuta anachambua mboga mlangoni. Nikavuta kigoda, nikaketi mbele yake.