Mbegu za Maboga Katika Kitabu cha Watu

Juzi mjukuu wangu alikuwa amekaa jikoni na kitabu cha maktaba magotini, na mkamwana wangu anakaanga mbegu za maboga kwenye kikaango cha chuma. Mbegu zilianza kulia ta, ta, ta, ile harufu yake ya mafuta na chumvi ikapanda, ikachanganyika na harufu ya karatasi za kitabu. Nikasikia uso unaniwaka moto. Nikamwambia mjukuu wangu, kwa ukali ambao hata yeye aliushangaa, "Toa hicho kitabu hapa jikoni!" Akanitazama. Sikuweza kumweleza. Nimejaribu kueleza hapa kwenye daftari langu, na mnisamehe, maana shule yangu iliishia darasa la nne na mambo haya sijawahi kuyapanga yakapangika.

Ilikuwa zama za Mwingereza, kwetu huku Mbozi, kwenye vilima vya kahawa. Baba alikuwa amevuka mpaka pale Tunduma kwenda migodini, kama wanaume wengi, akirudi nyumbani mara chache tu, na tulikuwa tunakaa na mama kwenye uwanja wa babu, mzaa baba. Mama alikuwa mkwe wa pale, na ukwe wa kwetu nyakati hizo haukuwa mchezo. Mwanamke na baba mkwe wake hawakutazamana wala kusemeshana. Mama akimwona babu anakuja njiani na fimbo yake, alitoka njiani akaingia kwenye mahindi, akajifunika kanga kichwani na kugeuza uso mpaka babu apite. Babu naye alikohoa toka mbali ili mama apate nafasi ya kujificha. Walikaa hivyo miaka yote, nyumba zao zikitazamana, na mimi ndiye niliyepeleka maneno huku na huku.

Basi likaja sanduku. Lililetwa na lori la serikali, sanduku la mbao lililopakwa rangi ya kijani, lenye milango miwili mbele kama kabati, na ndani yake vitabu vimesimama. Liliwekwa kwenye ghala la kahawa, chini ya uangalizi wa Mwalimu Yoeli, aliyetufundisha sisi watoto. Akatangaza kanisani kwamba kila mtu, hata asiye na mtoto shuleni, anaweza kuazima kitabu bure, akakaa nacho, akakirudisha. Watu hawakuamini. Mzee mmoja aliuliza, "Na mbuzi wangu mtamchukua lini?" Watu wakacheka, lakini wengi walikuwa na swali hilohilo moyoni.

Mama hakujua kusoma. Alikwenda siku ya pili tu, akanishika mkono, akamwambia Mwalimu, "Nataka kile kinachosema habari za watoto wachanga." Kilikuwapo, kitabu chembamba chenye picha ya mwanamke kwenye jalada. Nilimsomea jioni, kabla giza halijaingia, yeye akipepeta ulezi. Nilisoma vibaya, nikikata maneno katikati, naye hakunikosoa.

Sasa hapa ndipo kosa lilipoanza, na sina hakika hata leo kama ni kosa. Kwetu ukiazima ungo au chungu cha jirani, hukirudishi kikiwa kitupu. Unatia chochote, maharage mawili matatu, kipande cha boga, jirani akifungua aone kwamba umemkumbuka. Mama alikigeuza kile kitabu mikononi, akakifungua, akakifunga. Akasema, "Hiki nacho ni chombo. Kinafunguka." Akachukua mbegu za maboga, zile nzuri za kupanda, nyeupe na bapa, akazipanga katikati ya kurasa, akakifunga taratibu. Zilienea vizuri kabisa. Tukakirudisha.

Mwalimu Yoeli alipozikuta alicheka akasema, "Mama Rahabu, umenipa shamba!" Mimi ndiye Rahabu. Nadhani angekataza siku ile yasingetokea yaliyotokea, lakini nani angekataza asante? Wanawake wengine walipoona, nao wakafanya vivyo. Kunde zikaingia, na karanga zilizomenywa, na mama Sekela, jirani yetu, aliwahi kuweka samaki mkavu. Huyo samaki hata Mwalimu alimrudisha. Ikawa ukiazima kitabu unakuta mbegu za mwenzako ndani, unazipanda, unaweka za kwako. Mwaka ule maboga ya mama yalitambaa kwenye mashamba ya watu ambao hata hatukuwa tukisalimiana nao sana.

Mama aliazima kitabu kilekile tena na tena. Hili ndilo lililokuwa likinitia aibu kwanza. Wenzangu walikuwa wakisoma hadithi za wanyama na za wasafiri, na mimi nasoma habari za nepi. "Mama yako kitabu hakimwishi?" waliniuliza. Nilimwomba achukue kingine. Akasema, "Nikikielewa hiki nitachukua kingine." Tulikuwa tukienda polepole, maana mara nyingine alinisimamisha kwenye ukurasa mmoja jioni nzima, na kazi za kahawa zilitukatiza. Hatukuwa tumefika mwisho. Nilijua kwamba mama ana mimba. Nilijua pia kwamba baada yangu walizaliwa wawili, wote wakanyonya siku chache, kisha taya zikakaza, wakashindwa kunyonya, wakazikwa nyuma ya migomba. Nilikuwa nayajua yote mawili, na bado sikuyaunganisha na kitabu. Mtoto ana akili ya ajabu, anaona kila kitu na haoni kitu.

Halafu bwana wa boma akaja kukagua. Sitamsema vibaya. Alikuwa mtu wa pwani, mpole, amevaa koti pamoja na jua, na Kiswahili chake kilitiririka mpaka sisi wa huku tukajisikia tunaongea kwa mawe mdomoni. Wazee walikusanyika ghalani, babu akiwa mbele kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa. Wanawake walisimama nje, karibu na mlango, mama akiwa nyuma yao kabisa, amejifunika, kwa ajili ya babu.

Bwana akafungua milango ya kijani. Panya akaruka, akapita katikati ya miguu ya wazee. Bwana akatoa kitabu, kimeliwa pembe. Akatoa kingine, kimeliwa mgongo. Akatoa chembamba, chenye picha ya mwanamke, akakishika kwa vidole viwili akakitikisa, na mbegu za maboga zikamwagika juu ya meza, nyeupe, zikateleza mpaka sakafuni.

"Mwalimu," alisema, "hii ni maktaba au ni ghala la mbegu?"

Watu wakacheka. Panya walikuwa wengi mle ghalani hata kabla ya sanduku, kwa sababu ya magunia ya mahindi, na hilo lazima liandikwe. Lakini ni kweli pia kwamba panya hali karatasi kwa njaa ya karatasi. Alifuata mbegu.

"Nani amefanya hivi?"

Kisha nikasikia sauti nyuma, sauti ambayo sikuwahi kuisikia mbele ya babu tangu nizaliwe. "Ni mimi, bwana. Hizo mbegu ni zangu."

Babu akainamisha kichwa haraka kama mtu aliyerushiwa kitu. Wazee wakatazama chini. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Mama alieleza, kwa Kiswahili chake kizito, kwamba alikuwa anashukuru. Bwana alimsikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake, kisha akasema sanduku linaondoka leo leo, kuna watu upande wa Ileje wanalililia na watalitunza.

"Lichukue," mama akasema. "Hicho kimoja niachie mpaka nijifungue."

"Haiwezekani, mama. Vitabu ni vya watu wote."

"Basi mtoto wangu anisomee palepale tulipokuwa hatujafika. Wakati mnafunga kamba."

Bwana akatazama lori, akatazama tumbo la mama. "Asome upesi."

Nikaitwa. Mimi, msichana ambaye matiti ndiyo kwanza yanachomoza, nikasimama mlangoni mwa ghala, wazee wa kanisa ndani, wanawake nje, wavulana wa darasa langu wamepanda juu ya magunia, nikafunguliwa ukurasa wa kuzaa. Nilisoma neno uchungu. Nilisoma neno kondo. Nilisoma maneno ambayo kwetu hayatajwi hata mbele ya kaka, na baba mkwe wa mama yangu ameketi hatua chache tu kutoka kwangu. Sauti ikawa inazama.

"Paza sauti, Rahabu," mama akasema.

Babu akasimama. Fimbo yake iligonga sakafu, akatoka bila kumtazama mtu, na wazee wengine wote wakamfuata, wakapita nyuma ya ghala. Mvulana mmoja juu ya magunia akasema, "Mmemfukuza babu yenu!" Nilijua amekasirika. Nilijua tumeiabisha nyumba yetu kwa namna isiyooshwa. Machozi yalidondoka kwenye kitabu na nikaendelea kusoma.

"'Wembe wa kukatia kitovu, kama hutaki mtoto akaze taya, lazima kwanza...'" Nikasimama.

"Kwanza nini?" mama akauliza.

"Pameliwa, mama."

"Pameliwaje?"

"Na panya. Kuna tundu."

"Na panapofuata?"

"'...kwa muda mrefu, ndipo umguse mtoto.'"

Wanawake wakasogea. "Labda unolewe," akasema mmoja. "Unolewe kwa muda mrefu."

"Labda uombewe," akasema mama Sekela. "Mchungaji wetu akianza sala, muda mrefu utaupata tu."

Walicheka kidogo, lakini mama hakucheka. Alinyoosha kidole chake akakipitisha kwenye lile tundu, kikatokea upande wa pili. Akakitazama hivyo. Kisha vijana wa lori wakasema wamemaliza, bwana akakichukua kitabu kwa adabu, na sanduku likaondoka na vumbi lake.

Jioni ile mama alikuwa ndani anasonga ugali, mimi nimekaa uani sitaki kusema na mtu. Babu akakohoa ng'ambo ya ua, mama akanyamaza ndani. Babu akaniita. Nilidhani nitachapwa. Alisimama amegeuzia nyumba yetu mgongo, akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kama anayesema na kiziwi:

"Mjukuu wangu, nimekumbuka jambo, sijui kwa nini. Wakati wa vita ya Wajerumani nilikuwa mpagazi wa hospitali. Wale madaktari, visu vyao walivichemsha. Vinachemka chunguni kama viazi, vinachemka mpaka unachoka kungoja. Sisi tulikuwa tunawacheka."

Akaweka chini chungu kidogo kipya, cha bibi, akaondoka. Nikadhani uzee umeanza. Nikakipeleka chungu ndani nikamwambia mama, "Babu amekuja kupiga hadithi za vita." Mama alikuwa ameshika mwiko, hakusonga. Akakipokea kile chungu kwa mikono miwili akapiga goti, peke yake mle ndani, akitazama ukuta wa upande wa babu.

Yona, mdogo wangu, alizaliwa wakati wa kuvuna kahawa, na mpaka leo yuko hai, kibogoyo, mbishi kuliko redio. Sisemi ni chungu, wala sisemi ni kitabu. Watoto wengine wa jirani waliishi bila vyote viwili. Mimi niliyaunganisha haya nilipokwenda kuzaa mwanangu wa kwanza, nikaona muuguzi anatia vyombo kwenye maji yanayochemka, nikaanza kulia, naye akadhani ni uchungu. Hapo ndipo nilipojua kwamba babu hakutoka ghalani kwa hasira. Alitoka ili mkwewe apate kusikia, akasimama nyuma ya ukuta, na yeye akasikia mpaka kwenye tundu.

Lakini miaka yote ya katikati nilibeba aibu. Waliniita Mbegu shuleni. Mwalimu Yoeli alikaripiwa na hakucheka tena kama zamani. Vijana waliokuwa wakisoma hadithi za wasafiri walikatishwa, na kosa lilikuwa la kwetu, siwezi kulikana. Baada ya uhuru kilifunguliwa chumba cha kusomea palepale jirani na ghala, kikajaa watu wazima wanaojifunza a, e, i, o, u. Mama alikuwa mmoja wao. Baadaye kikawekwa mbolea, na sasa kimefungwa kufuli ambayo ufunguo wake haijulikani anao nani.

Jana nilimsindikiza mjukuu wangu maktaba ya mjini kurudisha kile kitabu. Rafu ni ndefu, safi, na wasomaji walikuwa wachache kuliko viti. Nilikuwa nimetia mbegu chache kwenye mfuko wa gauni, mbichi, za kupanda. Nikazishika muda wote. Binti wa mezani alikipokea, akakigonga muhuri, akasema "asante" bila kuinua macho. Niliona aibu kuzitoa, kwa ajili ya panya. Na tulipofika nje niliona aibu kwamba sikuzitoa, kwamba kitabu cha watu tumekirudisha kitupu, na mama, angekuwepo, angeingia kwenye mahindi akafunika uso.